Habari za Samuel Ajayi Crowther, Askofu wa Mto Niger

Wako Wakristo wengi walioteswa na wapagani, na majina yao twayajua tangu utoto. Lakini wako na wengine walioumizwa na Wakristo wenzao, tena na watu wenye kusali asubuhi na jioni, na habari zao hatupendi sana kuzisimulia. Mmoja wao ni Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu katika Kanisa la Kianglikana. Hakuwa Mlutheri. Walakini mwalimu wake wa chuoni alikuwa Mjerumani aliyefunzwa Basel, na chama kilichomtuma ni kile kile kilichomtuma Ludwig Krapf, mtoto wa shule hiyo hiyo ya Basel, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Kwa hiyo haya si mambo ya nyumba ya jirani.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1807 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Jina la Ajayi hupewa mtoto aliyezaliwa kifudifudi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Asubuhi moja, mwanzoni mwa mwaka wa 1821, wanawake walipokuwa wakitengeneza chakula, mji ulizungukwa na watu wa vita wenye kukamata watumwa. Baba aliwaambia wakimbie, naye akarudi kwenye mapigano. Ajayi hakumwona tena. Mama na watoto walikamatwa msituni wakafungwa kamba za shingoni, wakapelekwa huku moshi wa nyumba zao ukionekana nyuma yao.

Muda wa mwaka mmoja kijana huyu aliuzwa mara nyingi. Kwanza alibadilishwa kwa farasi; mwenye farasi hakuridhika, akarudishwa kama mtu arudishavyo kitu sokoni. Akauzwa kwa mwanamke mmoja. Baadaye akauzwa kwa tumbaku na pombe kali. Alipoona kwamba anasogezwa kila siku karibu na pwani, akaogopa kuuzwa kwa Wareno, akawaza usiku kujinyonga kwa masombo yake; lakini hakuwa na nguvu ya kulitimiza jambo hilo. Mwisho akafika Lagos, akanunuliwa na Mreno. Huko wavulana walifungwa mnyororo mmoja na watu wazima. Wazima walipougombania ili wapate nafasi ya kulala, shingo za watoto ndizo zilizoumia.

Mwezi wa Aprili 1822 walipakiwa katika merikebu ya Kireno, na mara manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda bahari ziliikamata. Watoto hawakujua kwamba wameokolewa. Walipopandishwa katika manowari waliona nyama ya nguruwe imetundikwa na risasi za mizinga zimepangwa sitahani, wakadhani ile ni nyama ya watu na hivi ni vichwa vya watu. Hofu yao ilikwisha walipozisogelea na kuona ni chuma tu. Tarehe 17 Juni 1822 waliteremshwa Sierra Leone, katika nchi iliyowekwa kwa ajili ya watumwa waliofunguliwa.

Ajayi alikuwa na njaa ya kujifunza. Kwa miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya, tena alifundishwa useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, jina la mchungaji mmoja wa London aliyekuwa rafiki wa misioni. Mwaka wa 1827 chuo cha Fourah Bay kilifunguliwa na Charles Haensel, yule Mjerumani wa Basel, na jina la Crowther lilikuwa la kwanza katika kitabu cha wanafunzi. Kisha akawa mwalimu, akamwoa Susan, binti aliyeokolewa baharini kama yeye, na wakapata watoto waliomtumikia Mungu na nchi yao kwa namna nyingi. Herbert Macaulay, ambaye watu wa Nigeria humhesabu kuwa miongoni mwa baba wa uhuru wao, alikuwa mtoto wa binti yao.

Mwaka wa 1841 Waingereza walipeleka meli tatu za moshi katika Mto Niger, kutafuta njia ya kuleta biashara halali badala ya biashara ya watu. Crowther alikwenda pamoja na James Schön, Mjerumani mwingine. Homa iliwaangusha wazungu. 40 na zaidi wakafa, na safari ikavunjika. Schön, mtu wa haki, aliwaandikia wakuu wake kwamba nchi ile itahubiriwa na Waafrika wenyewe, akamtaja Crowther. Basi akaitwa Uingereza, na mwaka wa 1843 Askofu wa London akamwekea mikono, shemasi mwezi wa Juni na kasisi mwezi wa Oktoba. Aliporudi Freetown alihubiri kwa Kiyoruba, na watu waliokombolewa wakasikia Injili kanisani kwa lugha ya mama zao.

Mwaka wa 1846 alifika Abeokuta pamoja na mmisionari Henry Townsend kuanza kazi. Hapo pana jambo ambalo singependa kulipita upesi. Tarehe 21 Agosti mwaka huo mama yake, aitwaye Afala, alikuja akiongozwa na ndugu. Ilikuwa imepita miaka 25 hivi tangu watenganishwe. Mama alitetemeka, hakuyaamini macho yake. Wakashikana, wakatazamana kwa kimya na mshangao, machozi yakamtoka mama. Hakuna aliyeweza kusema neno kwa muda mrefu. Alikuwa ametafuta habari za mwanawe hata akakata tamaa. Akakaa kwake, akafundishwa, na tarehe 5 Februari 1848 alikuwa katika watu wa kwanza waliobatizwa Abeokuta. Alipewa jina la Hanna, maana alikuwa mama yake Samweli.

Kazi kubwa ya Crowther katika miaka hiyo ilikuwa Biblia ya Kiyoruba. Alitoa kamusi mwaka wa 1843, akaikuza mwaka wa 1852. Hakuridhika na maneno ya vijana wa mjini. Aliwasikiliza wazee, na mafundi, na watu wa dini ya kale katika ibada zao, akiokota maneno yenye uzito. Waraka kwa Warumi ulipigwa chapa mwaka wa 1850, na Biblia nzima, kwa msaada wa wengine, mwaka wa 1884. Mwafrika kuwa mkuu katika kuifasiri Biblia kwa lugha yake mwenyewe lilikuwa jambo geni siku zile.

Sasa tuifikie habari ya uaskofu, maana hapo ndipo maumivu yalipoanza.

Huko London katibu wa chama chao cha C.M.S. alikuwa Henry Venn. Huyu aliamini kwamba kazi ya mmisionari ni ya muda. Akiisha kujenga kanisa linaloweza kujilisha, kujitawala na kujieneza, na aondoke aende mbele. Kwa hiyo alitaka Crowther awe askofu. Lakini Townsend, yule aliyefika Abeokuta pamoja naye, alipinga kwa barua tangu mwaka wa 1851. Hoja yake ilikuwa kwamba Crowther ni mtu mwema, lakini watu weusi wenyewe hawatamheshimu askofu mweusi, kwa kuwa Mungu amewapa weupe heshima hiyo. Tazameni hoja hiyo ilivyo na hila. Mzungu hakatai kutawaliwa kwa kusema kwamba yeye mwenyewe ana kiburi. Asema kwamba ni Mwafrika ndiye asiyetaka.

Crowther mwenyewe hakuutaka uaskofu. Venn alimsihi sana hata akakubali. Tarehe 29 Juni 1864 aliwekwa katika kanisa kuu la Canterbury, lililojaa watu hata milangoni. Mmoja wa waliokuwapo alikuwa Henry Leeke, jemadari wa bahari, mzee sasa, aliyekuwa nahodha wa manowari iliyomwokoa Ajayi miaka 42 kabla yake. Chuo Kikuu cha Oxford nacho kilimpa cheo cha daktari wa elimu ya Mungu.

Lakini barua ya uaskofu ilikuwa na shimo ndani yake. Alipewa nchi za Afrika ya Magharibi zilizo nje ya mamlaka ya Malkia wa Uingereza. Lagos, iliyotwaliwa na Waingereza mwaka wa 1861, haikuwa yake. Hata Abeokuta na Ibadan, ambako Waingereza hawakutawala, ziliachwa nje kwa sababu wamisionari weupe walikuwako, nao hawakukubali kuwa chini yake. Basi mtu aliyeandika Biblia ya Kiyoruba hakuwa askofu wa Wayoruba. Alipewa Mto Niger, kwa watu wa lugha nyingine, akakaa Lagos kama mgeni na kusafiri kila mwaka. Venn alidhani atalirekebisha jambo hilo baadaye. Alikufa mwaka wa 1873, na haikuwa hivyo. Mimi naona hapo ndipo kosa lilipofanywa, si mwaka wa 1890. Walimpa fimbo ya uchungaji, kisha wakawachagua kondoo kwa rangi ya wachungaji wengine.

Pamoja na hayo alifanya kazi miaka 27. Onitsha ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka wa 1857, katika nchi ya Waigbo, ikiongozwa na mchungaji Mwafrika. Katika Bonny, penye mjusi mkubwa aliyeheshimiwa kama mungu na ambaye mtu hakuruhusiwa kumpiga, Injili iliingia hata mijusi hiyo ikauawa kwa amri ya mfalme mwaka wa 1867. Kwa wakuu wa Waislamu wa juu ya mto alikwenda kwa adabu, akiwapelekea Biblia ya Kiarabu, na mara nyingi walimpokea vizuri. Hakuwa na chombo chake kwa miaka mingi. Alisafiri katika stima za wafanya biashara, zilipotaka kwenda, hata mwaka wa 1878 alipopata stima ya misioni.

Tusifiche kwamba kazi ile ilikuwa na ila. Askofu alikuwa mpole mno, na watumishi wake walitawanyika mbali kwa miezi mingi bila kuonekana. Wengine walifanya biashara kuliko kuhubiri, wengine waliishi vibaya, na wachache walifikishwa mbele ya hakimu kwa ajili ya mauti ya mtumishi msichana, jambo la kuogofya. Crowther alisikitika, akawaondoa waliojulikana. Asemaye kwamba mashtaka yote yalikuwa uongo hamsaidii Crowther.

Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika. Kwinini ilikuwa imewawezesha wazungu kuishi mtoni. Safari ya mwaka wa 1854, Crowther akiwamo, ilirudi bila mzungu hata mmoja kufa kwa homa. Kampuni kubwa ya biashara ilipewa hati na serikali mwaka wa 1886 kutawala mto. Ulaya iligawanya Afrika. Mwafrika msomi, ambaye zamani alionekana kuwa tumaini, sasa alionekana kuwa kizuizi. Ndipo wakaja wamisionari vijana kutoka Uingereza, kati yao Graham Wilmot Brooke na J. A. Robinson. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na bidii kali, walikuwa tayari kuishi maisha ya taabu, nao kweli walikufa huko, Robinson mwaka wa 1891 na Brooke mwaka wa 1892. Walitaka utakatifu mkamilifu. Walipoyatazama makanisa ya mtoni waliona dhambi tupu, na walipomtazama mzee wa miaka zaidi ya 80 waliona kiongozi dhaifu wa watu wasioongoka. Kiburi chao wenyewe hawakukiona, kwa kuwa kilikuwa kimevaa vazi la sala.

Mwezi wa Agosti 1890 halmashauri ilikutana Onitsha. Brooke alikuwa na miaka 25. Walisoma mashtaka juu ya mchungaji baada ya mchungaji, hata juu ya arkidiakono Dandeson Crowther, mwana wa askofu. Katibu, mmoja wa wale wageni, alitamka kwamba yeye, kwa niaba ya chama, ana uwezo wa kumsimamisha mchungaji yeyote kazini. Askofu alikuwa ameketi pale pale. Aliuliza kama ndivyo. Aliuliza tena kwamba askofu basi ana kazi gani. Kisha akaomba iandikwe katika kitabu cha mkutano kwamba ameshangazwa na neno hilo, akaomba na jina lake liondolewe katika halmashauri. Akaondoka.

Watu wengine humsifu Crowther kama mfano wa kunyamaza. Siyakubali maneno hayo. Hakutukana, hakulipiza, hakuliacha Kanisa, lakini hakunyamaza. Alitaka jambo liandikwe. Mtume Paulo huko Antiokia alimpinga Petro mbele ya watu wote kwa ajili ya meza walizotengwa watu wa mataifa, wala hakuna asemaye kwamba Paulo alivunja upendo.

Lagos ilichafuka kwa hasira. Magazeti yaliandika, Waafrika wakachanga fedha. Wengine waliondoka kabisa, wakaanzisha kanisa lao mwezi wa Agosti 1891, ili wasitawaliwe tena na wageni. Crowther hakuwafuata. Alikubali shauri jingine: makanisa ya Delta, pale Bonny na jirani zake, yajitegemee kwa fedha zao wenyewe chini ya arkidiakono, yakibaki ndani ya Kanisa la Kianglikana. Wakuu wa London walipopata habari walilainisha maneno kidogo, lakini hawakumrudishia mamlaka yaliyotwaliwa mkononi mwake. Katika mwaka ule wa 1891 alipatwa na kiharusi, na tarehe 31 Desemba, siku ya mwisho ya mwaka, akafa Lagos. Mwaka uliofuata makanisa ya Delta yakatangaza kujitegemea kwake.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa mzungu, Joseph Hill. Waafrika wawili, Charles Phillips na Isaac Oluwole, waliwekwa mwaka wa 1893 kuwa wasaidizi wake tu, ingawa mmoja wao au wote wawili wangaliweza kuishika kazi. Hill alikufa mwezi wa Januari 1894, mara baada ya kufika, na akafuatwa na mzungu mwingine. Ikapita zaidi ya nusu karne kabla Mwafrika hajapewa tena jimbo lake mwenyewe katika nchi ile. Vijana waliosoma habari za mwaka wa 1890 walijifunza kwamba mtu mweusi aweza kupanda mpaka mahali fulani, kisha ngazi huondolewa.

Tarehe 29 Juni 2014, siku ilipotimia miaka 150 tangu kuwekwa kwake, ibada ya shukrani na toba ilifanywa Canterbury. Askofu Mkuu Justin Welby alihubiri, akakiri kwamba Kanisa la Uingereza halina budi kuomba radhi, kwa kuwa mtu aliyewekwa askofu kwa haki alisalitiwa, akaangushwa na kudhoofishwa na wenzake. Akasema waziwazi kwamba lilikuwa kosa. Hakusema kwamba zamani watu hawakujua. Venn alijua, na Schön alijua, nao waliishi katika nyakati zile zile. Wale waliotenda walikuwa wamekwisha lala makaburini zaidi ya miaka mia, na aliyetendewa pia; lakini makanisa ya Mto Niger yalikuwa hai, na maungamo yalisemwa katika nyumba ile ile ambayo Ajayi wa Osogun alipiga magoti ndani yake mwaka wa 1864.